Rimbui, Aaron
Mpiga kinanda, mtunzi na mtayarishaji wa muziki kutoka Nairobi, Kenya, ambaye baadaye alihamia New York. Alianzia kwenye ngoma, na kinanda akajifundisha mwenyewe. Asili hiyo inasikika: hata wimbo ukiwa wa polepole, mapigo yake hayalegei. Albamu zake ni pamoja na *Keys of Life*, *Alfajiri*, *Deeper* na *Kwetu*.

Jazi laini, mtindo unaohusishwa na muziki wake, ilikomaa Marekani miaka ya 1970 kupitia wapiga kinanda kama Bob James na Joe Sample: kordi pana, midundo ya soul, melodi inayoimbika. Nairobi ina wasikilizaji waaminifu wa mtindo huo, na Tamasha la Jazi la Safaricom, lililoanza 2014, limechangia Ghetto Classics, mradi unaofundisha muziki watoto wa Korogocho, mtaa wa mabanda jijini humo.