Presha: Kwa nini mzee dhaifu hatibiwi sawa na mwenzake

WAZEE wawili wenye umri wa miaka 82 wanaweza kupimwa kliniki siku moja, wote wakapatikana na shinikizo la damu la 160 kwa 80, na bado wakahitaji matibabu tofauti. Mmoja angali analima shamba lake. Mwenzake amekonda, huinuliwa kitini kwa mkono na huchoka hata anapooga.

Huyu wa pili ndiye madaktari humwita dhaifu, na udhaifu huo si sawa na uzee. Mwaka wa 2001, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Linda Fried walitoa vigezo vitano vya kuutambua: kupungua uzani bila kukusudia, uchovu, kulegea kwa mshiko wa mkono, mwendo wa polepole na kupungua kwa shughuli. Aliye na vitatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu.

Shinikizo la damu lenyewe huchangia hali hii. Likikaa juu kwa miaka mingi bila kutibiwa, mishipa hukakamaa, moyo na figo huharibika, na kiharusi kimoja chaweza kumfanya aliyejitegemea awe wa kulishwa.

Hata hivyo, mambo hubadilika mtu akishadhoofika. Anapopoteza uzani, aghalabu shinikizo huanza kushuka, ilhali dawa husalia zile zile alizoandikiwa miaka mingi iliyopita. Usiku anapoamka kwenda haja, damu huchelewa kufika kichwani, hushikwa na kizunguzungu na kuanguka. Akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama awali. Kwa sababu hiyo, mzee hufaa kupimwa akiwa ameketi au amelala, kisha apimwe tena akisimama. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi katika muda wa dakika tatu, yumo hatarini. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya ziada, na kukiruka ni uzembe.

Je, basi dawa zisimamishwe? La hasha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, uliohusisha watu 3,845 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, ulionyesha kuwa dawa zilipunguza vifo kwa asilimia 21. Mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2016, ulipata faida hata miongoni mwa wazee dhaifu, ingawa haukuwahusisha wanaoishi katika makao ya wazee. Nchini Ufaransa, utafiti wa mwaka wa 2025 katika makao hayo ulipunguza dawa hatua kwa hatua kwa wazee ambao shinikizo lao lilikuwa chini ya 130. Vifo havikupungua.

Mwongozo wa madaktari wa moyo barani Ulaya wa mwaka wa 2024 unaruhusu lengo lililolegezwa kwa wazee dhaifu na waliotimu miaka 85, mradi uamuzi ufanywe na daktari kwa kumwangalia mgonjwa mwenyewe.

Jamaa wanaompeleka mzee kliniki wabebe dawa zake zote, zikiwemo za maumivu ya viungo zinazonunuliwa dukani bila cheti. Baadhi yake, kama vile ibuprofen na diclofenac, hupandisha shinikizo na kudhuru figo, na mara nyingi daktari haambiwi kwamba zinatumiwa.