Kuogesha mbwa kwa malipo: Yanayopaswa kuzingatiwa na watoa huduma na wafugaji

Huduma ya kuogesha na kunyoa mbwa kwa malipo imekuwa sehemu ya biashara ndogo katika miji kama Dar es Salaam na Arusha, ikitolewa ndani ya kliniki za mifugo, katika maduka ya mahitaji ya wanyama au nyumbani kwa mteja. Kwa wengi ni suala la usafi tu. Hata hivyo, mahali ambapo mbwa wa kaya mbalimbali hukutana, hushikwa na watu wasiowazoea na kupakwa dawa, ni mahali pa afya ya jamii. Chumba cha kuogeshea kikiendeshwa vizuri huzuia magonjwa. Kikiendeshwa ovyo huyasambaza.

Chanjo kabla ya maji

Jambo la kwanza ni cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu ugonjwa huo huishia katika kifo. Virusi huweza kuwamo katika mate ya mbwa siku kadhaa kabla mnyama huyo hajaonesha dalili yoyote, hivyo mwonekano wa afya njema hauchukui nafasi ya cheti.

Mbwa huchanjwa anapofikisha umri wa miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanakubaliana kuwa iwapo angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo watachanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mtoa huduma anayedai cheti kwa kila mteja na kuandika tarehe ya chanjo katika daftari lake anachangia lengo la kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030.

Watoto wa mbwa ambao hawajakamilisha chanjo zao hawapaswi kuchanganywa na mbwa wengine, kwa kuwa virusi vya parvo vinavyosababisha kuhara damu hukaa katika mazingira kwa miezi mingi. Beseni, meza na sakafu visafishwe kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini ya majumbani iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, na iachwe kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa.

Ukaguzi, maji na sabuni

Kabla ya kumlowesha mbwa, mwogeshaji hukagua masikio, ngozi, kucha na nafasi za katikati ya vidole, ambako kupe hujificha. Mbwa mwenye vidonda, mabaka yaliyonyonyoka manyoya au ukurutu hupelekwa kwanza kwa daktari wa mifugo, kwani choa na baadhi ya aina za upele huambukiza binadamu. Manyoya yaliyosokotana huchanwa yakiwa makavu, kwa sababu maji huyakaza zaidi.

Maji yawe ya uvuguvugu, yasizidi joto la mwili wa mbwa ambalo ni kati ya nyuzi 38 na 39. Ngozi ya mbwa haina kiwango sawa cha asidi na ya binadamu, hivyo sabuni ya kufulia au shampuu ya watu huikausha na kuiwasha. Shampuu ya mbwa huanzia shingoni kuelekea mkiani, huku macho na masikio yakikingwa, kisha husuuzwa mpaka povu liishe kabisa. Mabaki ya sabuni ni chanzo cha muwasho unaodhaniwa kuwa ugonjwa. Mkeka wa mpira chini ya miguu humzuia mbwa kuteleza na kumpunguzia hofu.

Wakati wa kukausha, mashine ya hewa ya moto isielekezwe mahali pamoja kwa muda mrefu, na mbwa asiachwe peke yake ndani ya kizimba chenye mashine hiyo. Mbwa hana uwezo wa kutoa jasho kama binadamu. Hupoza mwili kwa kuhema. Wenye pua fupi, wanene na wazee huzidiwa na joto upesi na wanaweza kufa.

Dawa za kupe: Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa

Kupe wa mbwa hueneza magonjwa ya damu, na jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa katika nyufa za kuta na mabanda. Kwa sababu hiyo wateja wengi huomba mbwa waogeshwe kwa dawa. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa baadhi ya watu hutumia dawa ya josho la ng'ombe kwa kukadiria kipimo kwa macho.

Dawa yenye amitrazi ikizidi kipimo humfanya mbwa asinzie, ayumbe, apoe mwili na mapigo ya moyo yapungue. Dawa za jamii ya oganofosfeti husababisha kutokwa mate, kutapika na kutetemeka. Permethrini, inayovumiliwa na mbwa, huweza kumuua paka, hivyo vyombo vyake visitumike kwa wanyama wote wawili. Mtoa huduma atumie tu dawa iliyosajiliwa nchini, ambayo lebo yake inamtaja mbwa, na afuate umri, uzito na kipimo kilichoandikwa. Mbwa aliyetiwa dawa ya kudondosha mgongoni kwa kawaida haogeshwi ndani ya saa 48 kabla au baada ya dawa hiyo.

Mwogeshaji hana mamlaka ya kuchanja wala kutibu. Shughuli hizo, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, ni za wataalamu waliosajiliwa. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili, hivyo mbwa mkali hatulizwi kwa kipigo. Hufungwa mdomo kwa kifaa maalumu au hurudishwa kwa mwenyewe.

Usalama wa mfanyakazi

Mfanyakazi avae glavu, aproni na viatu vya mpira. Mkojo wa mbwa unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliotangazwa na Serikali mwezi Julai 2022 baada ya kuzuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Vimelea hivyo huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi, macho na mdomo.

Akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa ataugua. Mbwa huyo asiuawe ovyo; taarifa itolewe kwa afisa mifugo ili awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10.

Taratibu za biashara na mazingira

Anayeanzisha huduma hii husajili jina la biashara BRELA, hupata namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara kutoka halmashauri, na husajili eneo la kazi kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Maji yenye dawa yaelekezwe kwenye mfumo wa majitaka au shimo lililojengwa, kamwe yasimwagwe mtoni au kwenye mfereji wa mvua, kwani dawa nyingi za kupe huua samaki hata zikiwa kidogo.

Mfugaji naye anao wajibu. Kabla ya kumkabidhi mbwa wake, aulize maswali matatu: je, kila mbwa anayeingia hapa anadaiwa cheti cha chanjo? Ni dawa gani inayotumika, na lebo yake iko wapi? Mbwa akidhurika, ni daktari gani wa mifugo anayeitwa? Asipopata majibu ya wazi, ni salama zaidi kumrudisha mbwa nyumbani na kumwogesha mwenyewe kwa maji na shampuu ya mbwa.