Mbwa, sumu na mafuta ya ngazi

Ukiuliza wazee wa Kikula ao wa Panda mutu afanye nini mbwa yake akikula sumu, wengi watajibu mbio: umunywesheye mafuta ya ngazi. Wengine wanaongeza maziwa, yayi mbichi ao mayi ya chumvi. Tunaiita desturi ya wankambo. Lakini tuangalie vizuri.

Mbele ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, mbwa kwetu alikuwa wa kuwinda. Sumu ilitoka kwa miti. Ile ya mishale, iliyotumiwa sehemu nyingi za Afrika ya kati, ilitengenezwa na mbegu za mti unaoitwa Strophanthus. Ikiingia katika damu inasimamisha moyo. Ikipita tumboni inapoteza nguvu nyingi. Ndiyo maana wawindaji walikata na kutupa kipande pale mshale ulipoingia, nyama ingine wakakula. Muhogo muchungu nao una sumu, juu ya hiyo unalowekwa siku kazaa. Hekima ilikuwa kujua sumu na kuikinga mapema.

Na mafuta? Mungazi haustawi vizuri hapa kwetu juu. Mimi nafikiri desturi hiyo ilifika na watu waliokuja kufanya kazi kwa mine, wengi wakitoka Kasai. Basi ni desturi ya site ya Jadotville (jina la Likasi lilirudi mwaka 1966) kuliko ya wankambo.

Mji ulipojaa watu, panya nao walijaa. Mwaka 1948 Marekani waliruhusu warfarin kuwa dawa ya panya. Ilitokana na ngombe waliokuwa wakivuja damu hata kufa kwa kula majani yaliyooza. Mbwa akiikula anaonekana muzima siku mbili ao tatu, kisha damu inatoka puani ao ndani ya tumbo. Dawa yake ni vitamini K, si mafuta. Unga mwengine wa sokoni unaua mbio: mate yanatiririka, mwili unatetemeka. Huyo anahitaji atropine.

Sasa mafuta yanafanya nini? Hayavuti sumu. Mbwa akikohoa yanaingia katika mapafu, na sumu zingine zinayeyuka katika mafuta na kuingia mwilini zaidi. Chumvi nyingi nayo inaweza kumuua. Kama alilamba asidi ao petroli, usimutapishe hata kidogo: itamuunguza mara ya pili. Na makala? Mwaka 1831 mufaransa Touéry alimeza sumu kali pamoja na makala, akapona. Lakini makala ya mbabula si yale ya munganga.

Kwa hiyo ondoa kwanza sumu iliyobaki, ili mbwa wengine na watoto wasiiguse. Chukua paketi, hata kama imepasuka, uandike saa aliyokula, na umupeleke mbwa kwa munganga wa nyama mbele dalili hazijaonekana. Kitivo cha uganga wa nyama kiko kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka kwetu. Aliyekula unga ule wa kutetemesha hawezi kungojea safari hiyo: tafuta munganga wa nyama wa hapa karibu.