Upande wa Nyuma wa Picha

Leo naweka kando mambo ya programu (si kabisa, mtaona) niwasimulie kisa cha picha 143 nilizoziharibu huku nikidhani naziokoa.

Ilikuwa 2017, niko mwaka wa pili chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta. Nyanya yangu alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa picha za marehemu babu. Babu alikuwa karani wa reli, na miaka ya 1950 aliishi kwenye zile landhi za Muthurwa hapa Nairobi. Nikaazima skana ya rafiki, nikakaa sebuleni wikendi nzima. Nikaandika na programu fupi ya Python ya kuzipa faili majina: picha_001, picha_002, mpaka mwisho. Nilijiona fundi kweli kweli!

Nyanya alikuwa ameketi kando yangu, akiinua picha moja moja. "Mume wangu, huyu unamjua?" Nami, macho kwenye kioo: "Ngoja kidogo nyanya, nimalize hii kwanza."

Nyanya alifariki 2019. Mwaka uliofuata paa lilivuja, mkebe ukajaa maji, picha zikagandana kama chapati zilizolala. Sikujali sana, kwa sababu nilikuwa nazo zote kwenye diski. Nilipozifungua ndipo nikagundua nilichofanya. Nilikuwa nimeskani upande wa mbele tu. Nyuma ndiko babu alikoandika majina, mwaka na mahali. Nyuma ndiko mwenye studio alikogonga muhuri wake. Ukiiuliza tarakilishi yangu picha hizi ni za lini, inakujibu bila aibu: 2017.

Picha_087 ndiyo inayoninyima usingizi. Wanaume wanne wamesimama mbele ya karakana ya reli: babu, Kalasinga mwenye kilemba, kijana aliyevaa kofia ya kiua, na mwanamume mrefu anayecheka. Kwenye picha_091 mahali ni palepale, lakini wako watatu. Yule mrefu hayupo. Turudi kwake baadaye.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi historia ya Nairobi inavyohifadhiwa, na nimegundua kwamba kosa langu lina ndugu wakubwa kuliko mimi.

MJI ULIOGAWANYWA KWA MAFAILI

Reli ilifika Nairobi 1899, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakipaita kwa jina la maji baridi. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na wapatao 2,500 walifia kazini. Wakaja Wagoa wa maofisini, Waswahili wa pwani, Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya. Askari wenye asili ya Sudan walipewa makao kwenye msitu wa Kibra, wale tunaowaita Wanubi leo.

Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya kikoloni kuchunguza afya ya miji, na alipendekeza watu wakae kwa kutengwa kirangi. Kisingizio kilikuwa ugonjwa. Mgawanyo huo haukuishia kwenye mitaa, uliingia hata kabatini: mambo ya Waafrika jalada hili, ya Wahindi lile, ya Wazungu jingine. Sisi watengeneza programu tungesema mkoloni alibuni hifadhidata yenye safu moja ya lazima, rangi ya mtu, na kila kitu kikapangwa kwa safu hiyo.

Sasa mweke Joseph Murumbi kwenye hifadhidata hiyo. Alizaliwa 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai, akasomeshwa India, na 1966 akawa makamu wa rais wa Kenya. Aingie jalada gani? Labda ndiyo maana akawa mkusanyaji mkubwa wa vitabu, barua na kazi za sanaa. Ukienda jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, lililokuwa benki zamani, utakuta mkusanyiko wake ghorofa ya chini.

Au mchukue Makhan Singh, Kalasinga aliyeanza kupanga wafanyakazi wa Nairobi miaka ya 1930. Tarehe 23 Aprili 1950 alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, mtaa uliojengewa Waafrika, kwenye mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa, akazuiliwa mpaka 1961. Mtafute kwenye habari za Wahindi peke yake na utapata nusu ya mtu. Mtafute kwenye habari za Waafrika peke yake, utapata nusu nyingine. Aliye mzima yuko kwenye karatasi zake mwenyewe, zinazohifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanahistoria Zarina Patel alitumia nyaraka kama hizo kuandika maisha yake katika kitabu kilichotoka 2006. Kabla yake, kwa miaka mingi, jina la Makhan Singh lilikuwa limefifia vitabuni.

KARATASI ZILIZOSAFIRI

Kabla ya uhuru wa Desemba 1963, maafisa wa kikoloni walipitia mafaili yao. Mengine waliyachoma, mengine wakayasafirisha kimya kimya hadi Uingereza. Kenya iliomba yarudishwe, haikuyapata. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau waliponyanyaswa vizuizini walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London, ndipo ikakiri kwamba mafaili yako Hanslope Park. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Wanahistoria walikuwa wamesisitiza kwa muda mrefu kwamba kuna pengo. Walijuaje? Kwa sababu faili huzungumza na faili. Barua iliyobaki Nairobi inataja barua nyingine ambayo haipo. Mtunza nyaraka mzuri hapangi karatasi upya anavyopenda yeye, anaziacha katika mpangilio wa ofisi ilikotoka, na mpangilio huo ndio unaomfichua aliyechomoa kitu.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Karatasi zilizofichwa zilisaidia kuwafikisha hapo, pamoja na ushahidi wa midomo yao wenyewe.

Kibra nako karatasi zina uzito wake. Mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilitengwa kwa ajili ya askari wale. Lakini Wanubi walihesabiwa kuwa wakazi wa muda kwa vizazi kadhaa, na vijana wao wakasumbuliwa kupata vitambulisho. Hati ya ardhi waliipata 2017, ekari 288. Kwa jamii kama hiyo, picha ya harusi ya bibi yenye mwaka na mahali nyuma yake si pambo la sebuleni. Ni shahidi.

WANAOIFANYA KAZI VIZURI

Kuna Book Bunk, ambayo Wanjiru Koinange na Angela Wachuka waliianzisha 2017 kufufua maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. McMillan ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi iliwahudumia Wazungu peke yao. Leo mtoto wa Eastlands anaweza kufungua magazeti ya zamani yaliyokuwa yakimzungumzia babu yake bila kumruhusu kuingia mlangoni.

Na kuna Chao Tayiana Maina, ambaye ninamtaja kwa fahari kwa kuwa alisomea hesabu na kompyuta kama wengi wetu hapa. Alianzisha African Digital Heritage, na yeye na wenzake wamejenga upya kwa tarakilishi mfano wa vizuizi vya enzi ya Mau Mau. Alikuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Dan David 2023. Ninachopenda kwenye kazi yao ni kwamba haianzii kwenye mashine. Wanawasikiliza kwanza wazee waliokuwepo.

Mimi nilianza na mashine.

Sasa yule mwanamume mrefu. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi wa kikoloni waliuzingira mji wa Nairobi, wakawapekua watu mtaa kwa mtaa, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini. Kama picha_087 ilipigwa kabla ya siku hiyo na picha_091 baada yake, pengine ninajua alikokwenda. Au alihamishiwa Kisumu tu, au siku ile alikuwa anaumwa tumbo. Jibu liliandikwa kwa wino wa bluu nyuma ya picha, nami nilikuwa nalo mkononi.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi picha zote kwenye kipakatalishi. Nilizima kila kitu kingine, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikakaa. Alimtambua Kalasinga mara moja. "Huyu alikuwa akituletea peremende Krismasi, mwanangu. Tulimwita Singh wa injini." Kijana wa kofia alikuwa wa Pumwani, jina limempotea. Kwa yule mrefu alinyamaza kidogo, akasema, "Nyanya yako alimjua." Basi.

Kwa hiyo ushauri wangu, wenye mkebe nyumbani:

1. Skani pande zote mbili, hata kama nyuma ni patupu.
2. Faili ipewe jina lenye maana, na kando yake uandike nani, wapi, lini, na nani amekuambia.
3. Usipokuwa na uhakika, andika kwamba huna uhakika. Usibuni.
4. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine.
5. Picha zenyewe usizitupe. Ziweke pakavu, zisikae karibu na paa.
6. Mzee akikuuliza "huyu unamjua?", acha kibodi.

Katika picha 143, mpaka sasa 31 zina majina. Jumamosi narudi kwa shangazi, na safari hii anasema atamwita jirani yake wa zamani wa Muthurwa, mzee wa miaka 88 ambaye bado anakumbuka namba za nyumba. Nitawaambia nikipata jina la yule mrefu.