Tiba kwa Njia ya Sanaa: Pale Maneno Yanapokosekana

Mtoto aliyefiwa na mama yake mara nyingi hawezi kusema kinachomlemea. Akipewa karatasi na kalamu za rangi, huenda akaonyesha alichoshindwa kutamka. Tiba kwa njia ya sanaa huanzia hapo: ni matumizi ya uchoraji, ufinyanzi, ususi na kazi nyingine za mikono, chini ya uongozi wa mtu aliyefunzwa, ili kuusaidia moyo uliojeruhiwa. Jina hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Adrian Hill, mchoraji Mwingereza aliyeona faida ya kuchora alipokuwa akiuguzwa kifua kikuu.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini wataalamu wa fani hiyo ni haba, ila mikono yenye ujuzi ipo. Wanawake wa Kikisi kandokando ya Ziwa Nyasa hufinyanga vyungu vinavyouzwa Matema, na wasusi wa Iringa husuka vikapu vya milulu. Mfano wa karibu zaidi ni Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mjini Iringa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ikaongeza ufumaji, kazi za shanga na mgahawa unaohudumiwa na viziwi, ambamo mgeni huandika anachotaka. Kwa haki, hiyo ni karakana ya ajira wala si kliniki. Hata hivyo, mtu mwenye ulemavu aliyezoea kufichwa nyumbani, anapouza kitu alichokiumba mwenyewe, hujitazama kwa jicho jipya. Nasi hatusiti kuuita huo uponyaji.

Walezi wa watoto parokiani wanaweza kuanza na karatasi, mkaa na udongo wa mfinyanzi. Picha isipewe alama. Wala mlezi asijitie kuifasiri: mtoto aliyepaka nyumba rangi nyeusi pengine alikuwa na kalamu hiyo tu! Amwambie kwa upole, "Nieleze habari za picha yako," kisha anyamaze asikilize. Yanayosemwa hapo hayasimuliwi ovyo, na picha haibandikwi ukutani bila ridhaa ya mwenyewe. Lakini mtoto anayetaja kujidhuru, au anayeonyesha kwamba ametendewa ukatili, asiachiwe kalamu peke yake. Afikishwe siku hiyohiyo kwa daktari au afisa ustawi wa jamii.