Ufadhili wa elimu ya mpiga kura vijijini

Ufadhili wa elimu ya mpiga kura ni fedha ambazo mashirika ya hisani, serikali za nje na mifuko ya pamoja huzipa asasi za kiraia ili ziwaelimishe wananchi kuhusu kujiandikisha, kuhakiki majina yao, kupiga kura na kuidai haki hiyo inapozuiwa. Nchini Tanzania sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka nje, hupokelewa Dar es Salaam, kisha hushuka mikoani na wilayani. Kata kama Ilembula, wilayani Wanging'ombe, mkoani Njombe, huwa mwishoni kabisa mwa msururu huo.

Uzito wa elimu hii ulionekana Njombe mwaka 2015. Februari mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alizindua mjini Makambako uandikishaji wa wapigakura kwa mfumo wa BVR, unaochukua picha na alama za vidole. Mashine zilikuwa chache, hivyo Tume ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya Jaji Damian Lubuva, iliandikisha mikoa kwa zamu, Njombe ikitangulia. Aprili ilipofika kazi ilikuwa bado mbichi nchini, na kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa tarehe 30, ikaahirishwa. Daftari lilikuwa jipya. Mwenye kadi ya zamani naye alipaswa kujiandikisha upya. Mkulima aliyekuwa shambani katikati ya msimu wa mvua alihitaji kuambiwa mapema, na mtu anayemwamini, mashine zingefika lini kijijini kwake.

Kazi ya namna hiyo haidai fedha nyingi: mafuta ya pikipiki, kipaza sauti, muda wa redio, posho ya chakula kwa wanaojitolea. Ilembula, ambako hospitali ya Kilutheri imewakutanisha watu wa vijiji vingi kwa miongo kadhaa, haikosi mahali pa kukutania wala watu wa kusikilizwa. Kinachokosekana mara nyingi ni akaunti iliyokaguliwa, mhasibu, na mtu wa kuandika andiko la mradi linalomridhisha mfadhili. Kikundi chenye wanachama waaminifu lakini kisicho na mhasibu huishia kungoja asasi kubwa ije na semina ya siku mbili.

Mifuko iliyojaribu kuziba pengo hilo ipo. Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi Januari 2003 kwa fedha za nchi wafadhili, Uingereza ikiwamo, imetoa ruzuku kwa asasi ndogo za mikoani. Legal Services Facility, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa Denmark, imewawezesha wasaidizi wa kisheria wilayani. Kenya ilikuwa na mpango wa kitaifa wa elimu ya uraia uliochangiwa na wafadhili kwa pamoja, ambao hatimaye ulizaa Uraia Trust.

Fedha pekee hazitoshi, kwa kuwa dola ndiyo inayoamua nani afundishe. BAWATA, baraza la wanawake lililoongozwa na Anna Tibaijuka na kuelimisha wapigakura mwaka 1995, lilisimamishwa mwaka uliofuata na kufutiwa usajili mwaka 1997. Mwaka 2020 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hakikupata kibali cha kutoa elimu ya mpiga kura, na Agosti mwaka huo akaunti za benki za mtandao wa watetezi wa haki za binadamu, THRDC, zilizuiwa. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 nazo zinaitaka asasi inayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba wake serikalini na kutangaza fedha hizo hadharani. Uwazi ni jambo jema; lakini asasi ya wilayani hubeba mzigo uleule wa makaratasi unaobebwa na shirika lenye ofisi Dar es Salaam.

Marekani ilipitia mvutano kama huo. Mwaka 1962 mifuko ya hisani ya Taconic, Field na Stern iligharimia mradi wa kuwaandikisha Waamerika Weusi wa majimbo ya kusini. Bunge lilijibu kwa sheria ya kodi ya mwaka 1969, iliyoyabana mashirika ya hisani: uandikishaji yanaoufadhili ufanyike katika majimbo matano au zaidi, na usiwe wa uchaguzi mmoja tu. Sharti la pili lina busara hata kama nia yake ilikuwa kubana. Kwetu fedha huja miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, na matokeo yakitangazwa mradi hufungwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao humpa mwanakijiji mwenyekiti wa kitongoji chake, kama ule wa 27 Novemba 2024, huambulia makombo.

Kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, mwezi Julai 2025 kumepunguza zaidi fedha zilizokuwapo. Wafadhili waliobaki, na Watanzania wenye uwezo, wavipe vikundi vya kata ruzuku ndogo ya miaka mitano mfululizo badala ya ruzuku kubwa ya miezi mitatu.