Nyumba Walizoziacha: Magofu ya Jinja na Mbale na Ukungu Ulio Ndani Yake



Mwezi huu zamu ya kuandika historia ni yangu. Nimechagua kitu ambacho tunakiona kila siku: majengo yaliyoachwa. Vijana wetu wanayapenda sana. Wanaingia kupiga picha, kurekodi klipu za muziki, kufanya mazoezi ya dansi kwa sababu humo hamna mtu wa kudai pesa ya ukumbi. Na tusidanganyane, wapo pia wanaoingia kulala, maana kodi imewashinda. Sasa nataka tujibu maswali mawili. Hizo nyumba ziliachwaje? Na ndani yake kuna nini kinachoweza kutudhuru?

Kwanza tuelewane neno. Ukungu kwa Kiswahili ni vitu viwili. Kuna ule unaofunika Wanale asubuhi mpaka huoni mwamba wala maporomoko ya maji. Na kuna ule unaoota kwenye mkate wa juzi au kwenye ukuta wenye maji. Huu wa pili wengine wanauita kuvu. Leo naongea juu ya huo wa pili.

NANI ALIJENGA, NANI ALIONDOKA

Mbale ilianza kuwa mji mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati Semei Kakungulu alipohamia hapa na watu wake. Jinja nayo ilikua kwa sababu ya ziwa, mto na reli. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilitoka Jinja mpaka Namasagali, bandari kwenye Nile. Pamba ikaleta viwanda vya kuichambua, viwanda vikaleta maduka, na maduka mengi yalikuwa ya Wahindi. Ukitembea Main Street ya Jinja uinue macho, utaona juu ya majengo ya zamani majina ya wenyewe na mwaka wa kujengwa, yamechongwa kwenye saruji. Hayo majina ni kitabu cha historia, ila watu wanapita chini yake wakiangalia simu.

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls. Umeme ukawa karibu, na Jinja ikawa mji wa viwanda: nguo za Nyanza Textile, na tanuru la kuyeyusha shaba iliyokuja kwa reli kutoka Kilembe. Huku Mbale chama cha ushirika cha Bugisu kilikuwa kinakusanya kahawa ya Elgon, na mji ulikuwa na sifa ya usafi Uganda nzima.

Halafu likaja tangazo. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alisema Waasia waondoke, na akawapa siku 90. Makumi ya maelfu wakaondoka. Mtu alifunga duka aliloachiwa na babu yake, akabeba sanduku moja. Sisi tuliokimbia tunaijua hiyo hali bila kuelezwa. Unafunga mlango, funguo unatia mfukoni, na moyoni unasema nitarudi.

Mali zao zikagawiwa watu wengine au zikawekwa chini ya bodi ya serikali iliyoitwa Departed Asians Property Custodian Board. Wengi waliopewa hawakuwa na vipuri, mtaji wala ufundi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika lake la reli likagawanyika. Mwaka 1979 vita vikamtoa Amin, na jeshi la Tanzania likaingia Kampala tarehe 11 Aprili, Jinja siku chache baadaye. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata lile tanuru la shaba lilikuwa limenyamaza. Miaka ya 1990 baadhi ya Waasia walirudi na kudai nyumba zao. Viwanda vingine vikafufuka, vingine havikufufuka. Nyumba nyingine zikabaki kwenye kesi kati ya mwenye hati ya zamani na mwenye barua ya bodi. Nyumba ya kesi haina mtu wa kuitengeneza. Aliyemo hataki kutumia pesa kwenye kitu anachoweza kunyang'anywa, na anayedai hajapewa funguo.

Kwa hiyo magofu haya hayakuachwa kwa uvivu wa mtu. Ni siasa, vita na kesi. Hapo ndipo ukungu unapoingia.

NYUMBA IKIFUNGWA, NDANI KUNAFANYIKA NINI?

Nyumba haifi siku moja. Kwanza bati moja linatoboka au mfereji wa mvua unaziba majani. Hakuna mtu wa kupanda juu kutoa. Maji yanaingia kwenye dari, yanateremka ukutani. Madirisha yamepigwa mbao, hewa haipiti, jua haliingii. Na hapa kwetu mvua ina misimu miwili kwa mwaka, ukuta haupati muda wa kukauka.

Mbegu za kuvu ziko kila mahali hewani, hata hapo ulipokaa sasa. Zinasubiri maji tu. Kitu kikikaa kimelowa siku moja au mbili, zinaanza kuota. Chakula chao ni mbao, karatasi, nguo, gundi, vumbi, hata rangi. Jengo la zamani lenye dari za mbao na mafaili ya ofisi yaliyoachwa ni karamu. Ukungu ukikomaa unatoa mbegu mpya kwa mamilioni, ndogo sana kiasi kwamba macho hayazioni. Ukisukuma mlango, ukikanyaga zulia bovu, ukicheza dansi kwenye vumbi, zote zinaruka. Na wewe unayecheza unavuta pumzi kwa nguvu kuliko mtu aliyesimama.

LAANA AU KUVU?

Watu mtaani wanasema hizo nyumba zina majini, eti mwenyewe aliacha laana. Maneno hayo si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1922 Howard Carter alifungua kaburi la Tutankhamun huko Misri. Mwezi Aprili 1923 Lord Carnarvon, aliyegharamia kazi hiyo, akafa, na magazeti yakapiga kelele: laana ya Farao! Ukweli ni kwamba aliumwa na mbu, kidonda kikaingia uchafu, damu ikaharibika. Carter mwenyewe, aliyeingia kaburini kuliko wote, aliishi mpaka 1939.

Kisa cha pili ni cha Poland. Mwaka 1973 wataalamu walifungua kaburi la mfalme Kazimierz mjini Kraków. Baada ya muda kadhaa kati yao wakafa. Ndani ya kaburi ikapatikana kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Wengi wanasema ndiyo iliyowaua, lakini haikuthibitishwa. Kuvu hiyohiyo tunaijua kwa jina lingine, maana ndiyo inayotia sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Nimeleta visa hivi ili tusikubali kila hadithi. Ukungu mweusi ukutani haumaanishi utakufa kesho. Mtu mzima mwenye afya akipita dakika chache, mara nyingi anapiga chafya na yanaisha. Ila si wote tuna afya hiyo, na si jengo lote lina ukungu tu.

KISA CHA UGANDA HAPAHAPA

Mwaka 2011 kundi la wanafunzi wa baiolojia kutoka nje walikuja Uganda. Msituni wakaingia ndani ya mti mkubwa wenye pango, umejaa popo. Walikuwa vijana, wazima, wamekuja kujifunza. Baadaye 13 kati yao wakaugua: homa, kikohozi, kifua kubana. Ilikuwa histoplasmosi, ugonjwa wa kuvu inayoota kwenye mavi ya popo na ya ndege. Ukikanyaga yale mavi makavu, vumbi linapanda, unalivuta. Dalili hazitokei siku hiyohiyo. Zinakuja baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili, wakati umeshasahau ulikuwa wapi.

Sasa nambie, ni gofu gani hapa halina popo darini? Jengo lililoachwa na ule mti ni kitu kimoja: giza, hewa haitembei, mavi yamerundikana miaka.

Na popo wana mengine pia. Mlima wetu huu wa Elgon, upande wa Kenya, una pango la Kitum. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliotembelea huko walipata virusi vya Marburg na wakafa. Hiyo si kuvu, lakini somo ni lilelile: pango au dari yenye popo wengi si mahali pa kwenda kutafuta picha nzuri.

MBONA HII INATUHUSU SISI ZAIDI

Wengi wetu tumepita kambini, tumelala watu kumi kwenye hema moja. Kuna waliougua TB wakapona. TB ikipona inaweza kuacha mashimo kwenye pafu, na kuvu aina ya Aspergillus inapenda kuota kwenye hayo mashimo. Watafiti walifuatilia wagonjwa wa Gulu waliomaliza dawa za TB, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Baadhi yao walikutwa na kuvu kifuani. Mtu wa namna hiyo anakohoa miezi, anakonda, anatema damu, na watu wanasema TB imerudi. Anaanzishiwa dawa za TB tena wakati ugonjwa ni mwingine.

Kwa hiyo ukienda hospitali na kikohozi kisichoisha, usiseme tu "nakohoa." Sema: niliwahi kuugua TB mwaka fulani. Sema: mwezi uliopita niliingia kwenye jengo lenye popo. Daktari hawezi kuotea. Hiyo historia yako fupi inaweza kubadilisha dawa utakayopewa.

Mwenye pumu, mwenye VVU, mtoto mdogo, mama mjamzito na aliyewahi kuugua TB, hao wasiingie kabisa. Hapo hamna mjadala.

SI MAGOFU TU

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilishuka hapa Mbale. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Maji yalipokauka, katika vyumba vingi yaliacha alama ukutani, na juu ya alama ukungu. Watu walifanya nini? Wakapaka rangi.

Nisikilizeni hapa. Huko Rochdale, Uingereza, kulikuwa na mtoto anaitwa Awaab Ishak. Wazazi wake walitoka Sudan. Nyumba yao ya kupanga ilikuwa na ukungu. Baba yake alilalamika mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Desemba 2020 Awaab akafa akiwa na miaka miwili. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba ukungu wa ile nyumba ndio uliosababisha. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria yenye jina la mtoto huyo, inayowabana wenye nyumba za umma kushughulikia ukungu kwa muda uliopangwa. Kilio cha familia ya wageni kikawa sheria ya nchi, ila mtoto alishaondoka.

TUFANYEJE BASI

Kama ni picha, piga ukiwa nje. Sura ya mbele ya jengo ndiyo yenye majina na miaka, ndiyo historia yenyewe. Kama lazima uingie, omba ruhusa kwa mwenyewe au mwenyekiti wa LC, maana kukutwa ndani ya mali ya mtu ni kesi, na kwa mkimbizi hiyo kesi ina uzito mara mbili. Usiingie mahali penye harufu kali ya unyevu, penye mavi ya popo, au ambapo dari imelegea. Barakoa ya kitambaa haizuii mbegu za kuvu. Inayosaidia ni ile ya N95, ikibana uso vizuri. Usilale humo, usipike humo, usifanye mazoezi humo. Ukitoka, fua nguo, oga.

Na chumbani kwako: tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ukungu ukiwa kidogo, lowesha kwanza, sugua kwa sabuni na maji, kausha, fungua dirisha. Usifagie ukiwa mkavu. Rangi bila kuziba maji ni kufunika kidonda chenye usaha. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza, nendeni wapangaji pamoja, msiende mmoja mmoja.

Ningependa pia tufanye kitu kimoja kama kikundi. Badala ya kuingia kwenye magofu, tuwaulize wazee wa Jinja na Mbale: hapa palikuwa nini? Nani alifanya kazi hapa? Wapo bado waliosikia honi ya kiwanda asubuhi. Wao wana kumbukumbu ambayo haina ukungu, lakini haitakaa milele. Tuiandike mapema.